Jiwe litaanguka wapi, litafika wapi, na litaanguka lini?

Video za Blatten zilipoanza kuzunguka kwenye simu mwishoni mwa Mei 2025, watazamaji waligawanyika. Kijiji hicho cha milimani huko Uswisi kilifunikwa tarehe 28 Mei na barafu, mawe na tope vilivyoshuka kwa pamoja, na karibu nyumba zote zikatoweka kwa mkupuo mmoja. Lakini wakazi wake wapatao 300 walikuwa wameshahamishwa tangu tarehe 19, siku tisa kabla. Wapo waliosema: basi siku hizi wataalamu wanajua kila kitu, na popote watu wanapouawa na mawe ni uzembe tu. Wengine wakasema wataalamu walibahatisha, kwani nani ajuaye mlima unawaza nini?

Pande zote mbili zimejikwaa mahali pamoja, kwenye neno “kutabiri”. Neno hili bado lina harufu ya ramli: mtu anatazama, ananyamaza kidogo, kisha anataja siku. Mtaalamu wa miamba akilitumia, ndani yake kuna maswali matatu, na majibu yake hayana uhakika sawa. Ni kipande gani cha mwamba kinaweza kung’oka? Kiking’oka, kitafika wapi? Na kitang’oka lini? Picha husaidia sana kwenye swali la kwanza. Kompyuta hutamba kwenye la pili. La tatu ndilo watu wote wanaloulizia, na ndilo linalojibika kwa nadra.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu maneno. Poromoko la mawe ninalozungumzia hapa ni vipande vilivyoachana na ukuta wa mwamba na kushuka kwa kuanguka, kudunda au kubiringika. Ni tofauti na maporomoko ya udongo, ambapo ardhi iliyolowa hutiririka kama uji. Blatten ilikuwa mchanganyiko: mlima uliangusha mawe juu ya mto wa barafu, ukaulemea, na hatimaye mzigo wote ukashuka. Modeli ya kompyuta nayo ni hesabu tu. Unaipa programu umbo la mteremko na tabia za jiwe, nayo inakokotoa safari ya jiwe hilo.

Sasa nyoosha mkono mbele yako na usimamishe kidole gumba. Fumba jicho la kushoto, kisha badilisha, ufumbe la kulia. Kidole kinaruka huku na huku mbele ya ukuta, ilhali mkono haujasogea hata kidogo. Kilete karibu na pua ufanye tena. Safari hii kinaruka zaidi. Ubongo wako hutumia mruko huo huo, mchana kutwa, kukadiria umbali wa vitu bila wewe kujua.

Upimaji wa miamba kwa picha umejengwa juu ya kidole gumba hicho. Picha moja ya genge, yaani ukuta wa mwamba, ni jicho moja, haina kina. Ukisogea hatua kadhaa ukapiga nyingine, umeipa kompyuta jicho la pili, na droni ikipita mbele ya genge ikipiga picha 300, umeipa macho 300. Sharti ni kwamba kila picha irudie sehemu kubwa ya kile kilichoonekana kwenye picha iliyotangulia. Programu huokota alama ndogo ndogo, doa jeusi hapa, kona ya ufa pale, ikatafuta alama hizo hizo kwenye picha nyingine, ikapima zimeruka kiasi gani. Kutokana na miruko hiyo inakokotoa kamera ilikuwa wapi kila mara, na kila alama iko wapi. Matokeo yake ni mamilioni ya nukta zinazoelea kwenye skrini zikiwa na umbo la mwamba. Wenyewe wanaliita wingu la nukta, na unaweza kulizungusha, kulikata na kulipima kana kwamba umelishika mkononi.

Kuna jambo moja ambalo picha hazilijui: ukubwa. Genge la mita 200 na kigenge cha kuchezea cha sentimita 20 vikipigwa picha vizuri hutoa umbo lile lile. Ndiyo maana wapimaji hubandika alama kwenye sehemu ambazo mahali pake panajulikana kwa usahihi, au hutumia droni yenye GPS inayorekodi ilikuwa wapi kila picha ilipopigwa. Bila hivyo una sanamu nzuri isiyo na vipimo.

Fani yenyewe si ya juzi. Mwaka 1858 msanifu kijana wa Kijerumani, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima ukuta wa nje wa kanisa kuu la Wetzlar na nusura aanguke kutoka juu. Akajiuliza kwa nini mtu ahatarishe shingo yake ikiwa picha ya ukuta huo inaweza kupimwa mezani. Mwaka 1867 jina la fani hiyo, fotogrametria, lilitumika kwenye maandishi yake kuhusu kazi hiyo. Kilichobadilika tangu hapo ni kompyuta: kazi iliyohitaji mashine za gharama na wataalamu wachache sasa hufanywa kwa kamera ya kawaida na programu. Sababu ya msingi haijabadilika. Mtu mwenye akili timamu hapendi kuning’inia kwenye ukuta anaoushuku kwamba utabomoka.

Haya, wingu tunalo. Tunatafuta nini ndani yake? Nyufa.

Mwamba kwa mbali unaonekana kama kitu kimoja kigumu, lakini kwa karibu ni kama ukuta wa matofali uliojengwa na fundi asiyetumia timazi. Umekatwakatwa na mipasuko inayoelekea pande mbalimbali, na pale mipasuko inapokutana hupatikana kipande kinachosubiri. Hatari ya kipande hicho hutegemea sana mwelekeo wa mipasuko. Chukua ubao, weka kitabu juu yake, anza kuuinamisha. Kwa muda kitabu hakisogei, msuguano unakishika. Ukifika pembe fulani kinateleza. Ufa unaoinamia nje, kuelekea hewani, ni ubao huo. Ufa unaoinamia ndani ya mlima ni rafu iliyolalia ukutani, na kitabu kinaweza kukaa hapo karne nzima. Kuna na hali ya tatu: mabamba membamba yaliyosimama wima kama vitabu visivyo na kizuizi mwishoni, ambavyo cha mwisho huanza kuinama na kupinduka.

Kwenye wingu la nukta, kila uso wa ufa unaojitokeza nje unaweza kupimwa: unaelekea wapi na umeinama nyuzi ngapi. Zamani mtu alipanda kwa kamba akiwa na dira, akapima nyufa alizozifikia, kwa kawaida zile za chini. Sasa zile za juu kabisa, ambazo ndizo zenye madhara makubwa, zinapimwa kama zile zilizo usawa wa macho. Kwa maoni yangu hapa ndipo picha zinapostahili sifa zake zote, kuliko hata kwenye habari za kuonya watu dakika za mwisho, ambazo ndizo zinazopendwa na magazeti.

Lakini picha huona ngozi tu. Ufa unaonekana mdomo wake, sio kina chake, na daraja dogo la mwamba mzima lililojificha ndani, linaloshikilia kipande kizima, halionekani kwenye picha yoyote. Mimea huficha ukuta. Kivuli huwa sehemu yenye giza isiyo na alama za kuokota. Na kama kila piseli, ile nukta ndogo kabisa ya picha, inabeba sentimita 3 za mwamba, usitegemee kuona ufa wa milimita 5.

Kazi ya pili ya picha ni kulinganisha. Unapiga leo, unapiga baada ya miezi mitatu, programu inaweka wingu moja juu ya jingine na kupaka rangi pale palipobadilika. Palipobonyea, kipande kimeondoka. Palipovimba kuelekea nje, kitu kinasogea. Hapa ndipo ramani nyingi zinapotafsiriwa vibaya. Ikiwa kila wingu lina kosa la sentimita 3, na ramani inaonyesha mwamba umesogea sentimita 2, basi hujaona kitu. Umeona kosa likiwa limepakwa rangi nyekundu. Ramani ya aina hiyo ikitolewa bila kutaja kiwango cha kosa, na zipo nyingi zenye rangi za kutisha, usiiamini hadi ukiulizie. Kwa sababu hiyo, pale panapohitajika kupima mwendo mdogo kabisa, kwenye machimbo ya wazi kwa mfano, picha husaidiwa na rada inayotazama ukuta saa zote na kuhisi mwendo wa chini ya milimita moja, hata usiku na kwenye ukungu.

Twende kwenye swali la pili. Jiwe limeng’oka, litaishia wapi?

Kushuka kwake si jambo la kubahatisha kabisa. Kitu kikianguka mita 100 bila kugusa chochote kinafika chini kwa kasi ya takribani kilomita 160 kwa saa, jiwe dogo au kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Arthur Ritchie wa idara ya barabara ya jimbo la Washington, Marekani, alifanya kitu ambacho kila mtoto angetamani kulipwa kukifanya: alisukuma mawe kwenye miteremko na kuyarekodi kwa kamera ya filamu. Alichokiona bado kinafundishwa. Kwenye mteremko wa wastani jiwe hubiringika, ukiwa mkali zaidi hudunda, na ukikaribia wima huanguka tu. Vipimo vya mitaro ya kunasia mawe kando ya barabara vilitokana na mawe yale.

Kompyuta inafanya kazi ya Ritchie bila jasho. Inachukua umbo la mteremko kutoka kwenye wingu la nukta, inaweka jiwe juu, inaliachia. Kila linapogonga ardhi inakokotoa kiasi cha nguvu kinachobaki: kwenye mwamba mtupu jiwe hudunda kama mpira kwenye sakafu, kwenye udongo laini hukwama kama mpira kwenye mchanga, kwenye msitu hugonga shina na kupoteza kasi. Kisha inarudia, na hapa ndipo penye siri yote: inarudia mara elfu nyingi, kila mara ikibadilisha kidogo mahali pa kuanzia, umbo la jiwe, ulaini wa ardhi.

Kwa nini isirushe mara moja tu, kwa usahihi? Kwa sababu mdundo haurudiwi. Jiwe likigonga kwa kona linaruka kulia, likigonga kwa ubavu linaruka kushoto, na tofauti kati ya kona na ubavu ni nyuzi chache za mzunguko. Kuongeza nguvu ya kompyuta hakuondoi hali hiyo. Kwa hiyo jibu la modeli si mstari unaosema “litapita hapa”, ni mtawanyiko. Tuseme kati ya mawe 10,000 ya kwenye skrini, 9,600 yalisimama kabla ya barabara, 380 yakaishia barabarani, 20 yakavuka na kufika kwenye nyumba. Je, nyumba iko salama? Modeli imemaliza kazi yake kwa kutoa namba 20. Kama namba hiyo inakubalika ni swali la wanadamu, na jibu la kibanda cha kuhifadhia majembe si sawa na jibu la bweni la watoto.

Modeli hizi zinategemea majaribio ya kweli. Watafiti wa taasisi ya theluji ya SLF huko Uswisi wamekuwa wakiachia matofali makubwa ya zege, yenye vipima mwendo ndani yake, kwenye miteremko halisi. Walichobaini kilinishangaza nilipokisoma: umbo linaweza kuwa na uzito kuliko uzito wenyewe. Jiwe lenye umbo la gurudumu husimama kwa ukingo wake, likashika mwendo na kukata kona, likatawanyika upana mkubwa kuliko jiwe la mraba la uzito ule ule. Kwa hiyo anayeweka mawe ya duara tu kwenye modeli yake, kwa kuwa ndiyo rahisi kukokotoa, anaweza kuchora eneo la hatari jembamba mno.

Kutokana na mtawanyiko huo wahandisi hupata kitu kingine wanachokihitaji, nguvu ya pigo. Jiwe la kilo 500 linalokwenda mita 20 kwa sekunde lina nguvu sawa na gari dogo la tani moja linalogonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa. Ukijua hilo, na ukijua mawe hupita kwa urefu gani juu ya ardhi, ndipo unaamua wavu uwe imara kiasi gani na usimame wapi. Wavu uliowekwa chini ya urefu wa mdundo ni pambo.

Bado swali la tatu, lile la “lini”.

Kuna wakati linajibika. Mwamba mkubwa mara nyingi hauanguki ghafla kama unavyoonekana. Huanza kwa kutambaa, na mwendo wake huongezeka. Mwaka 1985 mtafiti wa Kijapani, Teruki Fukuzono, alieleza njia rahisi ajabu ya kutumia mwendo huo, baada ya majaribio ya miteremko ya udongo. Badala ya kuuliza mwamba unakwenda kasi gani, geuza swali: unatumia saa ngapi kusogea milimita moja? Tuseme Jumatatu unatumia saa 24, Jumanne 20, Jumatano 16, Alhamisi 12. Kila siku zinapungua saa 4. Chora mstari uuendeleze: Ijumaa 8, Jumamosi 4, Jumapili sifuri. Sifuri maana yake mwamba hauhitaji muda wowote kusogea, yaani umeachia. Jumapili watu wasiwepo hapo.

Katika mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, jimbo la Utah, Marekani, kufuatilia mwendo wa ukuta kwa namna hii kuliokoa watu. Tarehe 10 Aprili 2013 wafanyakazi waliondolewa mapema, na usiku huo zaidi ya tani milioni 100 zikaporomoka ndani ya shimo. Hakuna aliyejeruhiwa.

Sasa angalia masharti yaliyofichika kwenye habari hiyo nzuri. Ukuta ulikuwa unajulikana. Vipimo vilikuwa vimeelekezwa hapo muda mrefu kabla. Kipande kilikuwa kikubwa, na vikubwa hutambaa kwa muda wa kupimika. Jiwe la ukubwa wa jokofu juu ya barabara ndefu ya milimani halina lolote kati ya hayo. Linaweza kukatika kwa ufa mmoja mfupi bila kutambaa kwa kiasi chochote ambacho kamera ingekiona, na hakuna anayeweza kuweka rada mbele ya kila mteremko duniani. Ndiyo maana Blatten iliwezekana na kwingine haiwezekani, na si kwamba wa kwingine wamelala.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa miamba dalili ni vijiwe: mara nyingi vipande vidogo huanza kudondoka kuzunguka kipande kikubwa kinacholegea. Picha za kulinganisha huvinasa vizuri. Ila kuna mawingu yanayopita bila mvua, na mwamba unaweza kutambaa, ukatapika changarawe, ukatulia tena kwa miaka.

Baadhi ya dhana hazifi. Moja ni kwamba pasipo mvua hapana hatari. Maji kweli ni mchokozi mkuu. Yakijaa kwenye ufa yanasukuma, yakiganda yanatanuka kwa takribani asilimia 9 na kuupanua. Lakini jua nalo linafanya kazi. Kwenye magenge ya Yosemite, California, wanajiolojia Brian Collins na Greg Stock walipima bamba la mwamba likifunguka na kujifunga kila siku, karibu sentimita moja, kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Fikiria bawaba inayofunguliwa na kufungwa kila siku kwa miaka mingi. Siku moja ya kiangazi, anga jeupe, inakatika.

Nyingine ni ile ya kusema likishaanguka pameisha. Tarehe 27 Septemba 2017 mawe yaliporomoka kwenye ukuta wa El Capitan, huko huko Yosemite, yakaua mtu. Kesho yake likaja poromoko kubwa zaidi kutoka sehemu ile ile. Kipande kinapoondoka huacha vingine bila egemeo, na kovu jipya huwa halijatulia.

Na akili bandia? Inasaidia kuchambua wingu la nukta, kutenganisha kichaka na mwamba, kuhesabu nyufa elfu kwa dakika. Ila hujifunza kutokana na mifano iliyopita, na maporomoko makubwa yaliyopimwa vizuri kabla, wakati na baada ya kuanguka bado ni machache. Usitegemee itaje saa.

Kuna gharama ya kutaja “lini” ambayo haionekani kwenye video. Wakazi wa Brienz, kijiji kingine cha Uswisi, walihamishwa Mei 2023 na kusubiri zaidi ya mwezi. Wataalamu walikuwa wameeleza njia kadhaa ambazo mlima ungeweza kushuka, kila moja na uwezekano wake. Usiku wa tarehe 15 Juni zaidi ya mita za ujazo milioni 1 zilishuka na kusimama hatua chache kutoka kwenye jengo la shule. Watu wakarudi mwezi uliofuata. Novemba 2024 wakaambiwa wahame tena. Anayesema wataalamu wanatisha watu bure na anayesema walichelewa kuonya wanaweza kuwa jirani wa mlango kwa mlango katika kijiji kimoja, na namba waliyopewa ni ile ile.

Mawe yanapokuwa yameshatua, kuna kazi ya kufanywa kabla tingatinga halijaanza kusafisha barabara. Droni inapaa. Inapiga kovu jipya kule juu, kisha inashuka kupiga kila jiwe mahali liliposimama: hili limefika mtaroni, lile limeruka wavu, lingine limekwama kwenye shina. Ofisini mtu anafungua ule mtawanyiko wa mawe 10,000 na kuweka yale ya kweli juu yake. Yakienda mbali kuliko ya kwenye skrini, namba ya mdundo, ile inayosema nguvu kiasi gani inabaki jiwe likigonga ardhi, inarekebishwa, na mawe 10,000 yanaachiwa upya.